MWENYE KUITETEA MIMBA NA AMDHAMINI MWENYE MIMBA

 

Ndugu wasomaji, vijana wetu walioko katika vyuo vikuu wana desturi ya kuandaa siku za mafunzo. Humwalika daktari, na mwanasheria, na mtu wa dini; hubandika mabango, hugawa karatasi, kisha hukaa wakajadiliana. Na miongoni mwa mambo wanayojadiliana ni hili la kutoa mimba. Wako wasemao kuwa mtoto aliyemo tumboni ana haki ya kuishi kama mtu mwengine yeyote. Na wako wasemao kuwa mwili ni wa mwanamke na khiari ni yake, asiingiliwe. Mwanafunzi wa Kiislamu hujikuta katikati ya makundi mawili haya, naye huuliza: sisi tuseme nini? Na tukiandaa siku yetu wenyewe, tusomeshe nini?

Somo hili tumeliandika ili liwe jawabu ya swali hilo. Na kiini chake ni neno moja: uislamu umemlinda aliyemo tumboni, lakini haukumlinda kwa kumtupa mama yake. Mwenye kusimama kuitetea mimba, basi na akubali kuwa mdhamini wa mwenye mimba. Na asiyekubali dhamana hiyo, maneno yake ni kelele tu.

1. KWA NINI JAMBO HILI NI LETU

Wako Waislamu wadhanio kuwa mas'ala haya ni ya makanisa, na kwamba sisi hayatuhusu. Huenda dhana hii iliingia kwa sababu ya mambo ya mwaka 2010. Ilipoletwa Katiba mpya ya Kenya, viongozi wengi wa makanisa waliipinga kwa sababu mbili kubwa: walikhofu kuwa imefungua mlango wa kutoa mimba, na walichukia kutajwa Mahakama za Kadhi ndani yake. Waislamu nao waliitetea sana Katiba hiyo kwa ajili ya Mahakama za Kadhi. Kura ikapigwa tarehe 4 Agosti 2010, Katiba ikapita. Basi likabaki katika nyoyo za watu kwamba Kadhi ni jambo la Waislamu, na mimba ni jambo la Wakristo. Na hili si sawa. Kuhifadhi nafsi ni moja katika mambo matano ambayo wanavyuoni wetu wamesema sharia imekuja kuyahifadhi: dini, nafsi, akili, nasaba na mali. Na katika hili la mimba, mawili katika matano yamekutana, nafsi na nasaba.

Tena si jambo geni kuzungumza dini katika ardhi ya chuo kikuu hapa kisiwani. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kilichoko Tudor asili yake ni chuo cha kuwasomesha Waislamu wa Afrika Mashariki kazi za ufundi. Kilijengwa kwa michango ya Aga Khan, Sultani wa Zanzibar, Serikali ya kikoloni, jamaa wa Kibohora na wengineo, na wanafunzi wa kwanza waliingia mwaka 1951. Mwaka 1966 kikageuzwa jina kikawa chuo cha ufundi cha watu wote, mwaka 1972 kikawa politekniki, na mwaka 2013 kikapata hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Leo wanasoma humo watoto wa kila dini na kila kabila, waume kwa wake, wengi wao wakiwa mbali na wazee wao. Basi elimu ya dini katika jambo hili inahitajika hapo.

2. HUKUMU YA SHARIA

Mwenyezi Mungu (s.w.t.) amekataza katika Suratul An'am, aya ya 151, na katika Suratul Israa, aya ya 31, watu wasiwaue watoto wao kwa ufukara au kwa kuuogopa ufukara, naye amechukua ahadi ya kuwaruzuku watoto na wazee wao. Na katika Suratut Takwir ametaja kuwa Siku ya Kiyama mtoto wa kike aliyezikwa hai ataulizwa kwa dhambi gani aliuawa. Waarabu wa zama za ujahili walikuwa wakiwazika watoto wao kwa sababu mbili: umasikini, na kuogopa aibu. Mwenye kutazama atakuta kuwa sababu mbili hizi ndizo zile zile zimpelekazo msichana wa leo kwa mtoaji mimba.

Ama mimba yenyewe, imepokewa katika Bukhari na Muslim hadithi ya Ibn Masud (r.a.) kuwa mtoto hupita vipindi vya siku arobaini arobaini mara tatu, kisha hutumwa Malaika akampulizia roho. Kwa hivyo wanavyuoni wamezitazama siku 120 kuwa ni mpaka mkubwa. Na hapa msomaji aangalie sana: siku hizi huhisabiwa tangu mimba kutunga, lakini madaktari huhisabu tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ambayo kwa kawaida hutangulia kwa kiasi cha wiki mbili. Siku 120 za wanavyuoni ni kama wiki ya 19 katika hisabu ya daktari. Mwenye kuchanganya hisabu mbili hizi atafutu watu kwa makosa.

Baada ya roho kupuliziwa, wanavyuoni wote wamekubaliana kuwa kuitoa mimba ni haramu, ila ikithibiti kuwa mama atakufa pasipo kufanya hivyo. Kabla ya siku 120 wamekhitilafiana. Wako katika Mahanafi walioruhusu kwa udhuru. Wamaliki wamekaza sana hata kabla ya siku arobaini. Na katika madhehebu yetu ya Imam Shafi'i, Ramli, mwenye kitabu cha Nihaya, ameona kuwa inajuzu kabla ya roho kuingia. Na Ibn Hajar al-Haytami, mwenye kitabu cha Tuhfa, ameona kuwa lenye nguvu ni uharamu. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra (1111), amebainisha katika Ihyaa kuwa kuzuia mimba isitunge si sawa na kuiharibu iliyokwisha tunga. Kuiharibu ni kukikosea kitu kilichokwisha kuwapo, na kosa huzidi ukubwa kila mimba inapokua. Na mwaka 1990 Baraza la Fiqhi la Rabita, lililoko Makka, liliamua kuwa mimba ya mtoto mwenye kilema kikubwa kisichotibika, kilichothibitishwa na madaktari waaminifu, yaweza kutolewa kabla ya siku 120 kwa ombi la wazazi wawili. Ama baada yake, haitolewi ila kwa khatari ya maisha ya mama.

Tumezitaja khitilafu hizi kwa makusudi. Mwanafunzi asisimame mbele ya watu akasema kuwa dini haina ila kauli moja katika kila hali, kisha akaja mwenzake aliyesoma akamfedhehesha. Wala asizifanye khitilafu hizi kuwa uchochoro wa kila mtu kupita. Kwani hata walioruhusu mwanzoni, wengi wao wameshurutisha udhuru wa kweli; wala hawakusema kuwa ni jambo la kuchezea.

Sharia yetu imempa aliyemo tumboni haki nyingine wazi. Akifa baba yake, fungu lake la urithi huwekwa mpaka azaliwe. Na mtu akimpiga mwanamke mimba ikatoka imekufa, hulazimika kulipa ghurra, ambayo thamani yake ni ngamia watano. Na mtoto akitoka hai kisha akafa, hulipwa dia kamili. Je, kitu kisicho na haki hurithi? Na kitu kisicho na thamani hulipiwa?

3. SHERIA YA NCHI

Mwenye kusomesha chuoni ni lazima aijue na sheria ya serikali. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 26, inasema kuwa uhai wa mtu huanza pale mimba inapotunga. Kisha inakataza kutoa mimba, ila ikiwa mtaalamu wa afya aliyesomea kazi hiyo ameona kuwa pana haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama imo khatarini, au sheria nyingine iliyoandikwa imeruhusu. Mahakama zimebishana juu ya upana wa mlango huu, na moja katika kesi hizo ilitoka hapa hapa Pwani, ikaamuliwa na Mahakama Kuu ya Malindi mwaka 2022, kisha ikakatiwa rufaa. Lakini maneno ya kifungu chenyewe ni yale yale.

Na katika Kanuni za Adhabu, kifungu cha 158 kinamtishia mtoaji mimba kinyume cha sheria kwa kifungo kifikacho miaka 14. Cha 159 kinamtishia mwanamke mwenyewe kwa miaka 7. Na cha 160 kinamtishia mwenye kutoa dawa au chombo naye ajua kitafanyiwa nini, kwa miaka 3.

Sasa tazama, ewe msomaji. Vifungu hivi vimemtaja mtoaji, vimemtaja msichana, vimemtaja muuza dawa. Lakini kijana aliyempa mimba kisha akazima simu yake, hayumo. Mzazi aliyemtoa mwanawe nje usiku, hayumo. Jirani aliyeipeleka khabari kutoka Kibokoni mpaka Makadara kabla ya adhana ya alasiri, hayumo. Hawa serikali haiwaoni. Lakini Mwenyezi Mungu anawaona.

4. KHOFU NDIYO IUAYO

Uchunguzi uliofanywa na Wizara ya Afya pamoja na wataalamu wengine ulikisia kuwa mwaka 2012 zilitolewa katika Kenya mimba zipatazo 464,690, na kuwa wanawake wapatao 120,000 walitibiwa kwa madhara yaliyotokana na jambo hilo. Haya yalitokea na adhabu tuliyoitaja ikiwa imo vitabuni. Basi tukubali kuwa khofu ya jela haikuizuia khofu ya aibu. Msichana aogopaye uso wa baba yake kuliko kifo hatazuiwa na bango lililobandikwa ukutani.

Na hili Mtume wetu (s.a.w.) alilitibu kabla yetu. Imepokewa katika Sahihi Muslim kuwa mwanamke wa kabila la Juhayna alimjia Mtume, naye ana mimba ya zina, akaungama. Hapa hatuelezi mas'ala ya adhabu. Tunataka kuangalia jambo la kwanza alilolifanya Mtume. Alimwita walii wake, akamwamuru amtendee wema mpaka ajifungue. Amri ya kwanza haikuelekezwa kwa mwanamke, ilielekezwa kwa walii! Na kwa nini? Kwa sababu Mtume alijua kuwa khatari ya kwanza impatayo mwanamke kama huyu hutoka nyumbani kwao.

Na katika khabari ya mwanamke wa Ghamid, Mtume alimrudisha mpaka azae, kisha akamrudisha tena mpaka amwachishe mtoto ziwa. Na mtoto yule alipokwisha kuwa mwenye kula mkate, Mtume alimkabidhi mtu katika Waislamu amlee. Mtoto hakubebeshwa dhambi ya mtu, wala hakuachwa bila ya mlezi.

Tena wakumbushwe watu wa barazani. Katika madhehebu ya Imam Shafi'i, mimba peke yake si ushahidi wa zina, kwani mwanamke huenda alilazimishwa au alifanyiwa hila. Na mwenye kumsingizia mwanamke zina pasipo mashahidi wanne, Qur'ani katika Suratun Nur imemwekea adhabu ya mijeledi themanini na kumkatalia ushahidi wake. Wangapi katika Mji wa Kale hufunga saumu za sunna kisha hufuturu kwa nyama ya binti wa jirani!

Na mtazame Bibi Maryam (a.s.). Hatumfananishi yeye, aliyetakaswa, na mwengine yeyote. Lakini Qur'ani imetueleza kuwa uchungu ulipomshika chini ya mtende, naye yu peke yake, alitamani kama angalikufa kabla ya siku ile. Kama bibi huyo mtukufu alifikwa na hali hiyo kwa kuwaza watu watasema nini, itakuwaje kwa mtoto wa miaka kumi na minane aliye bwenini? Na alilopewa Maryam kwanza lilikuwa nini? Alipewa liwazo, na maji, na tende. Hakuhubiriwa.

5. NAMNA YA KUIANDAA SIKU YA MAFUNZO

Vijana wengi huchukua sura ya shughuli hizi kutoka Marekani, ambako ugomvi huu ulikuwa mkubwa tangu hukumu ya mahakama yao kuu ya mwaka 1973 iliyoifanya khiari ya kutoa mimba kuwa haki ya kikatiba, mpaka mwaka 2022 mahakama ile ile ilipoitangua. Ugomvi wa kule ni wa haki mbili zikabiliazo, ya mama na ya mtoto, kana kwamba hapana mtu wa tatu. Fiqhi yetu inawataja wengine: baba, walii, jamaa, jirani na baitulmali. Kwa hivyo siku yetu isiwe nakala ya siku yao. Tunawausia vijana mambo haya:

Kwanza, wasibandike picha za damu na viungo. Katika ukumbi wa watu mia huenda yumo aliyekwisha kufanya, naye ametubia. Na mlango wa toba haukufungwa. Mwenye kumvunjia mtu sitara yake hakuitengeneza dini.

Pili, aitwe daktari na aulizwe waziwazi. Aeleze namna mtoto anavyokua wiki kwa wiki. Aeleze na khatari za mama: mimba iliyotunga nje ya mji wa mimba, na kifafa cha mimba, na kutokwa na damu. Wanafunzi wajue kuwa kumwokoa mama ni wajibu, kwani yeye ndiye shina na mtoto ni tawi lake.

Tatu, isemwe kwa sauti kuwa mwanamke aliyekwisha kuharibu mimba, anayetoka damu au aliye na homa, apelekwe hospitali saa ile ile. Kumtibu si kumsaidia maasi. Kumficha chumbani mpaka afe ni kuiongeza nafsi ya pili juu ya ya kwanza.

Nne, kiwepo kikao makhsusi cha wanaume. Wasomeshwe kuwa Katiba, katika kifungu cha 53, imewapa baba na mama dhamana sawa ya mtoto, wawe wameoana au hawakuoana. Kisharia nasaba ya mtoto wa zina ni ya mama yake, naye humrithi mama na jamaa za mama. Lakini hilo si ruhusa ya mwanamume kuikimbia gharama ambayo yeye ndiye sababu yake. Na wazee nao waambiwe kuwa mahari mazito na harusi za siku saba ni katika mambo yanayoifunga milango ya halali na kuiacha wazi milango ya haramu.

Tano, wazee waalikwe. Mafunzo yanayoishia kwa vijana peke yao yamemkosa yule ambaye Mtume alimwita kwanza, naye ni walii.

Sita, wasiondoke ukumbini ila wameandika dhamana. Dhamana hiyo ni nini? Ni majina ya mama watu wazima wawili au watatu, wenye siri, ambao msichana aweza kuwaendea usiku au mchana. Ni nyumba itakayompokea ikiwa kwao pamefungwa. Ni kisanduku cha fedha za kliniki na kujifungua, kinachohisabiwa na watu waaminifu. Ni mtu wa kumfuatia chuoni ruhusa ya kuahirisha masomo na kurejea; kwani hata katika skuli, serikali ina mpango wa kuwarejesha wasichana waliozaa tangu mwaka 1994, na mwaka 2020 ikatoa mwongozo mpya. Na ikiwa mama hawezi kulea, iko kafala: kumlea mtoto wa mwengine bila ya kumbadilisha nasaba yake, kama ilivyoamriwa katika Suratul Ahzab, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imeitambua kafala hiyo.

6. KHITIMISHO

Wako watakaosema: “Mkifanya haya, mtawatia wasichana tamaa ya zina.” Jawabu yetu ni kuwa Mtume (s.a.w.) alipomwamuru walii wa yule mwanamke amtendee wema, hakuihalalisha zina. Zina ni haramu, na njia zinazoielekea ni haramu, na somo lake linasomeshwa mahali pake bila ya kulegeza. Lakini mtoto akishatunga, pana nafsi ya pili isiyo na kosa, na uhai wake umefungamana na uhai wa mama yake. Huwezi kuufikia wa ndani ila kwa kupitia kwa wa nje.

Wala asidhani mtu kuwa kusema “haramu” peke yake kunamtoa katika dhamana. Mwenye kumwona mtu anazama akamwambia kuzama ni haramu, naye amekaa juu ya gati, amesema kweli, lakini hakuokoa.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu azihifadhi sitara za watoto wetu, azilainishe nyoyo za mawalii, na awajaalie vijana wetu wawe watu wa vitendo. Wallahu aalam.

MASWALI YA DARASA

1. Eleza tofauti ya hisabu ya siku 120 kwa wanavyuoni na hisabu ya madaktari.
2. Ibn Hajar na Ramli wamekhitilafiana katika nini, na wamekubaliana katika nini?
3. Toa dalili mbili za fiqhi zionyeshazo kuwa aliyemo tumboni ana haki.
4. Kwa nini Mtume (s.a.w.) alimwita walii kwanza?
5. Katika mtaa wako, msichana aliyefikwa na jambo hili usiku wa leo ataubisha mlango wa nani? Ikiwa hapana jawabu, basi darasa lijalo lianze na swali hili.